Maji Dar es Salaam: kisima na kizimba, boza, kituo cha madumu au kiwanda cha chupa?

Anayetaka kuingia kwenye biashara ya maji Dar es Salaam na pembezoni mwake, kuanzia Kigamboni na Mkuranga hadi Goba, Bunju, Chanika na Kibaha, huwa na njia nne mbele yake: kuchimba kisima na kuuzia kwenye kizimba (kibanda cha koki), kuendesha boza (lori la tanki la maji), kufungua kituo cha kuchuja maji na kujaza madumu, au kujenga kiwanda cha maji ya chupa. Wengi huzilinganisha kwa ukubwa wa mtaji peke yake, kisha huchagua ile inayotosha mfukoni. Kosa linaanzia hapo. Kizimba kinauza ukaribu. Boza linauza uhakika siku bomba lisipotoa. Kituo cha madumu kinauza maji ya kunywa ambayo mama wa nyumbani anayaamini bila kuyachemsha. Kiwanda kinauza usambazaji na jina. Mteja wa mmoja si lazima awe mteja wa mwingine, hata wakikaa nyumba moja.

Kabla ya mtaji kuna mambo mawili yanayoamua: maji yaliyo chini ya kiwanja chako yana nini ndani yake, na bomba la mamlaka ya maji, DAWASA, litafika lini mtaani kwako.

Pima maji kabla ya kuuliza bei ya kuchimba

Nenda kwenye visima vitatu au vinne vilivyo karibu na kiwanja, uliza urefu wake, chota sampuli, uzipime kwa kipima TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka) cha mkononi. Ni kifaa cha bei ndogo na kinaokoa mamilioni. Baada ya hapo peleka sampuli mbili kwenye maabara ya maji, upimiwe kloraidi, naitreti, floraidi, chuma, ugumu wa maji na bakteria aina ya E. coli.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kinaruhusu TDS hadi miligramu 700 kwa lita kwa maji yaliyosafishwa na 1,500 kwa maji ya asili. Kloraidi mwisho 250, naitreti 45, floraidi 1.5, chuma 0.3. E. coli haitakiwi hata moja katika mililita 100.

Soma majibu hayo kibiashara. TDS ikiwa 400 na naitreti iko chini, una maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ya kuuza moja kwa moja baada ya kutia klorini. TDS ikiwa 1,200, maji yatanunuliwa kwa kufulia, ujenzi na kuogea, na ukitaka kuuza ya kunywa utahitaji mtambo wa RO, unaosukuma maji kwa shinikizo kupita kwenye utando unaozuia chumvi. TDS ikivuka 2,500, kizimba kimekufa kabla hakijajengwa, kwani watu watayaita maji chumvi na hawatarudi. Naitreti ikiwa juu kwenye mtaa wenye vyoo vya shimo vilivyosongamana, maana yake maji taka yanafika kisimani. Kuchemsha hakuiondoi, taa ya UV inayoua vijidudu haiiondoi, klorini haiiondoi. RO huipunguza, lakini dawa ya kweli ni kuchimba mahali pengine au kufunga tabaka la juu la kisima vizuri zaidi.

Floraidi si tatizo kubwa la Pwani. Msomaji wa Arusha, Manyara, Singida au Shinyanga aipe nafasi ya kwanza kwenye orodha yake, maana huko ndiyo inayoamua kama kituo cha madumu kitatumia RO au kichujio cha kawaida.

Kisima na kizimba

Hii ndiyo biashara yenye gharama ndogo kabisa ya kuzalisha dumu moja, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Chukua pampu inayotoa lita 5,000 kwa saa na kupandisha maji mita 100 kwa jumla, yaani kina cha maji, urefu wa mnara na msuguano wa mabomba. Kwa ufanisi wa asilimia 50 wa pampu na mota kwa pamoja, inahitaji takriban kilowati 2.7, sawa na uniti 0.55 kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa LUKU ya kawaida, ambapo sh 1,000 hununua takriban uniti 2.8, hiyo ni kama sh 195 kwa lita 1,000. Gawanya kwa madumu 50: sh 4 kwa dumu la lita 20. Ishike namba hiyo, tutaihitaji kwenye boza.

Kinachobana ni mauzo. Familia ya watu watano inayotumia lita 20 kwa kila mtu inachota madumu matano kwa siku. Kaya 100 ni madumu 500. Tuseme dumu ni sh 50 na jumla ya uwekezaji (utafiti, kuchimba, pampu, mnara, simtanki, kizimba) ni sh milioni 45. Mauzo ya siku ni sh 25,000. Toa fungu la muuzaji, umeme, klorini na akiba ya pampu, ubaki na kama sh 15,000: mtaji unarudi baada ya miaka minane na zaidi. Kaya zikiwa 200, faida ya siku inafika sh 33,000 hivi na mtaji unarudi kabla ya miaka minne, kwa sababu gharama nyingi hazipandi pamoja na mauzo. Kwa hiyo hesabu kaya zilizo ndani ya mita 300 kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote. Na usihesabu mwaka mzima kwa mauzo ya Januari. Wakati wa masika watu hukinga maji ya mapaa na foleni ya kizimba huisha.

Kizimba kikibaki peke yake, mara nyingi hakitoshi. Kinachokiinua ni kuunganisha nyumba za jirani kwa mita, maana nyumba yenye bomba hutumia maji mengi kuliko nyumba inayobeba ndoo. Ndani ya eneo la DAWASA hilo halifanywi kimyakimya: fika na mchoro wa mtandao, majibu ya maabara na kibali cha maji, mkubaliane. Bei nayo inaangaliwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hivyo usijenge hesabu kwa matumaini ya kupandisha bei wakati wa kiangazi.

Utaratibu wa kisima wenyewe: utafiti wa maji chini ya ardhi, mchimbaji mwenye leseni ya Wizara ya Maji, kisha kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Usikubali kulipa fungu la mwisho la mchimbaji kabla ya jaribio la kupampu la saa 24 mfululizo, likifuatiwa na kupima jinsi maji yanavyorudi. Jaribio la saa mbili linalopendwa na wachimbaji linaonyesha maji yaliyohifadhiwa ndani ya bomba la kisima na changarawe iliyolizunguka, wala halionyeshi uwezo wa mwamba. Katika saa hizo 24, pima TDS kila saa. Ikipanda taratibu bila kusimama, pampu inavuta maji chumvi.

Hili la chumvi lina sababu inayopaswa kueleweka na kila mwenye kiwanja karibu na bahari. Maji baridi huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Kila mita moja unayoshusha usawa wa maji baridi, mpaka wa maji chumvi chini yake unaweza kupanda hadi mita 40. Ndiyo maana pale chumvi inapoanza, kuchimba zaidi kwenye tabaka hilohilo la juu huharibu badala ya kutibu. Dawa ni kupampu kidogo kwa saa nyingi: badala ya lita 6,000 kila saa kwa muda wa saa nne, pampu lita 2,000 kila saa kwa muda wa saa kumi na mbili ukijaza tanki. Kwa ujumla usivuke asilimia 60 hadi 70 ya uwezo uliopimwa. Tabaka refu la Kimbiji, upande wa Kigamboni, ni habari nyingine, lakini linafikiwa kwa mamia ya mita na gharama yake haimfai mwenye kizimba.

Pampu za kuzamisha huungua kwa mambo mawili zaidi ya mengine yote: kufanya kazi maji yakiwa yameshuka chini yake, na umeme dhaifu wa jioni. Weka kidhibiti kinachozima pampu maji yakiisha na kingine kinacholinda volti. Mtu akikuambia vitu hivyo ni anasa, mwombe bei ya kung'oa pampu kutoka mita 80.

Jambo dogo linalosahaulika ni kasi ya koki. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi ndiyo saa ya pesa. Koki inayotoa lita 15 kwa dakika hujaza dumu kwa sekunde 80, na ukiongeza muda wa kubadilishana ni madumu 35 hivi kwa saa. Koki nne zinatoa 140. Ukiwa na koki mbili na tanki lililowekwa chini sana, wateja wanaondoka na madumu matupu wakati una maji tele. Mnara wa mita tatu na bomba la inchi moja na nusu kwenda kizimbani vinatosha. Mauzo ya usiku bila muuzaji yanawezekana kwa mita za malipo ya kabla. Nairobi walianza na mashine za aina hiyo za Grundfos mtaani Mathare mwaka 2015. Faida yake kubwa kwa mwenye mali ni kwamba maji yaliyotoka na fedha zilizoingia vinalinganishwa kila siku. Usipoweka mashine hizo, basi weka mita mbili, moja kwenye tanki na nyingine kizimbani. Tofauti kati yake ndiyo uvujaji wako, wa bomba au wa mkono.

Boza

Hapa ndipo ile namba ya sh 4 inapofanya kazi. Boza la lita 10,000 likienda kilomita 15 na kurudi 15, kwa ulaji wa lita moja ya dizeli kwa kilomita tatu, linakunywa lita 10. Chukua dizeli sh 3,000 ili hesabu iwe rahisi: sh 30,000 kwa safari, sawa na sh 60 kwa kila dumu, kabla ya kununua maji yenyewe, dereva, utingo, matairi na gereji. Kusafirisha maji kilomita 15 kunagharimu mara kumi na tano ya kuyapandisha mita 100 kutoka ardhini. Kwa sababu hiyo boza haliwezi kushindana na kizimba kwa bei. Wateja wake ni wale ambao kukosa maji kunawagharimu zaidi: hoteli, shule za bweni, maeneo ya ujenzi, kumbi za harusi, nyumba zenye simtanki la lita 5,000 na kuendelea.

Faida ya boza inategemea safari kwa siku. Gharama za kudumu hazipungui likisimama, na safari nne badala ya mbili ndiyo tofauti ya kupata na kupoteza. Kinachokula muda kuliko barabara ni foleni ya kujaza. Kituo kinachojaza kwa mita 10 za ujazo kwa saa kinakushikilia saa nzima. Chenye tanki la juu na bomba la inchi tatu hadi nne kinaweza kukuachia ndani ya dakika 20. Uliza hilo kabla ya kuuliza bei ya maji. Anayemiliki kisima cha lita 5,000 kwa saa na akiba ya lita 50,000 anaweza kujaza usiku kucha na kuanza siku bila foleni. Ndiyo maana boza lenye kisima nyuma yake ni biashara, na boza linalonunua kwa wengine ni kazi ya udereva.

Uzito ni suala la usalama kwanza, faini baadaye. Lita 10,000 ni tani 10 bila tanki lenyewe. Lori la tani 3.5 halibebi lita 5,000, hata kama mjini unayaona yakifanya hivyo. Springi, breki na matairi vyote vinalipia. Ndani ya tanki kuwe na kuta zenye matundu zinazozuia maji kuyumba, maana boza lililojaa nusu bila kuta hizo ndilo linalopinduka kwenye kona. Tanki lililowahi kubeba mafuta au kemikali usilinunue kwa bei yoyote.

Kwa klorini, lengo ni kuanza na miligramu moja hadi mbili kwa lita ili mteja apokee 0.5 hivi. Kwa lita 10,000 kwa miligramu moja unahitaji gramu 10 za klorini, yaani gramu 15 hivi za unga wa HTH (klorini ya unga) wa asilimia 65 hadi 70. Pima kwa mizani, koroga kwenye ndoo, acha itulie, mimina maji ya juu wakati tanki likiwa limejaa nusu ili yajichanganye. Baada ya dakika 30 pima klorini iliyobaki kwa vidonge vya DPD. Andika namba hiyo kwenye risiti. Shule na hoteli hulipa kwa furaha zaidi wakiona kipimo kuliko wakiona punguzo.

Kituo cha kuchuja na kujaza madumu

Kwa mtu mwenye mtaji wa kati na bidii ya usafi, hii ndiyo njia inayostahili kufikiriwa kwanza leo. Mteja hununua kila wiki, hulipa taslimu au kwa simu, na bomba la mamlaka likifika halimwondoi. Linakupunguzia gharama ya kupata maji ghafi.

Chaguo la mtambo lifuate chanzo. Kama unatumia maji ya DAWASA yanayotoka Ruvu, ambayo chumvi yake ni kidogo, huhitaji RO. Kichujio cha mchanga, cha mkaa, cha utando wa UF (wenye matundu madogo sana yanayozuia vijidudu), kisha taa ya UV vinatosha, havimwagi nusu ya maji na umeme wake ni mdogo. UV ipewe maji angavu, chini ya NTU 1 (kipimo cha uchafu unaoelea majini), na taa ibadilishwe baada ya saa 9,000 hivi hata kama bado inawaka, kwa sababu mwanga unaoonekana hudumu kuliko ule unaoua vijidudu.

Kwa kisima chenye chumvi, mpangilio ni huu: tanki ghafi, mchanga, mkaa, vichujio vya maikroni 5, dawa ya kuzuia magamba, pampu ya shinikizo, tando za RO, tanki la maji safi lililofungwa, UV, koki za kujazia. Mkaa uko hapo kulinda tando, kwani klorini huziharibu moja kwa moja. Tando mbili za ukubwa wa 4040 (inchi 4 kwa 40) hutoa lita 400 hadi 500 kwa saa, yaani madumu 180 hivi kwa saa nane. Umeme ni kama uniti 4 kwa lita 1,000, sh 29 kwa dumu. Nusu ya maji, wakati mwingine chini kidogo, hutoka kama maji makali ya chumvi. Panga yanapokwenda kabla ya kufunga mtambo. Ukiyamwaga uani yanarudi kwenye kisima chako au cha jirani.

Dalili za tando kuziba huja mapema kwa anayeandika namba kila asubuhi: shinikizo, kiasi kinachotoka, TDS ya kuingia na ya kutoka. Uzalishaji ukishuka kwa asilimia 10 hadi 15 kwa shinikizo lilelile, safisha kwanza kwa dawa ya alikali kwa utelezi wa viumbe hai, kisha kwa asidi ya sitriki kwa magamba. Ukisubiri hadi nusu, unanunua tando mpya. Maji ya RO pia huwa na uchachu kidogo, pH chini ya 6.5, kichujio cha kalsaiti baada ya RO huirudisha na kuboresha ladha. Watu wa Pwani wanaijua ladha ya maji, na watasema.

Mahali pa hatari kuliko mtambo ni dumu lenyewe. Maji yanatoka safi, yanaingia kwenye dumu lenye utando wa kijani. Osha ndani kwa brashi, loweka dakika tano kwa klorini ya miligramu 50 hadi 100 kwa lita, suuza kwa maji yaleyale unayouza. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa likataliwe. Mafuta huingia ndani ya plastiki na hayaoshwi yakaisha. Usiyapange juani.

Madumu pia ndiyo yanayomeza mtaji bila kuonekana kwenye mpango wa biashara. Mteja anayetumia dumu moja anahitaji moja linalotumika, moja la akiba na moja lililo njiani kurudi. Wateja 150 ni madumu 450. Chukua amana kwa kila dumu, hata kama mwenzako wa mtaa wa pili hachukui, la sivyo baada ya miezi sita utakuwa umegawa vyombo bure. Guta moja hubeba madumu 25, nusu tani, na mzunguko wa kilomita mbili hadi tatu unatosha kituo kimoja. Zaidi ya hapo fungua kituo cha pili badala ya kununua gari. Kampuni ya Jibu, iliyoanzia ukanda huu wa Afrika Mashariki, imejenga mfumo wake wa wakala kwa mantiki hiyo hiyo: uzalishaji mdogo karibu na mnunuzi.

Kisheria, ukiuza maji ya kunywa kwenye chombo kilichofungwa kwa nembo yako, uko mikononi mwa TBS, Shirika la Viwango, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula. Lakiri za plastiki za kuvika vifuniko zilikatazwa na kanuni za mazingira za 2022, hivyo tafuta kifuniko chenye pete inayokatika. Na maji ya bomba hayatozwi VAT, lakini yaliyofungashwa hutozwa; pata jibu la TRA kwa maandishi kuhusu dumu lako liko upande upi.

Kiwanda cha chupa

Laini inayojaza chupa 2,000 za nusu lita kwa saa, ikifanya kazi saa nane, inatoa chupa 16,000. Hizo ni lita 8,000, maji yasiyojaza hata boza moja. Kwa katoni za chupa 12 ni katoni 1,333 kwa siku. Duka likichukua katoni tano kwa wiki, kwa siku sita za kazi unahitaji maduka 1,600 yanayonunua bila kukosa, mbele ya rafu zilizokwisha kujazwa na Kilimanjaro ya Bonite na Uhai ya Bakhresa. Hilo ndilo swali la kiwanda. Mashine zinauzwa na yeyote. Maduka 1,600 hakuna anayeyauza.

Gharama kubwa ya chupa ni plastiki na gari. Prifomu (kichupa kidogo kinachopulizwa kuwa chupa), kifuniko, lebo na nailoni ya kufungia hupanda na kushuka kwa bei ya mafuta na dola, wakati duka linataka bei ileile na mkopo wa wiki mbili hadi nne. Kwa hiyo mtaji wa mzunguko unaweza kulingana na mtaji wa mashine, na viwanda vingi vidogo hufia hapo, vikiwa na oda mkononi bila prifomu ghalani. Mashine ya kupuliza chupa nayo inataka hewa ya bar 30 hadi 40, na kompresa hiyo haipendi umeme wa kukatika.

Kwa upande wa ubora, kiwango ni EAS 153, na kiwanda kinahitaji chumba chake cha kupima vijidudu, si sampuli ya robo mwaka tu. Onyo moja kwa viwanda vya ukanda wa Pwani: ozoni ikikutana na bromaidi, ambayo huja pamoja na chumvi ya bahari kwenye visima, huzalisha bromati, na mwisho wake ni miligramu 0.01 kwa lita. Kisima chenye kloraidi nyingi kipite RO vizuri na ozoni ipimwe, ama uache ozoni utumie UV na usafi mkali wa kujaza. Ongeza msimbo wa bidhaa kutoka GS1 (620 kwa Tanzania), stempu za kielektroniki za TRA na ushuru wa bidhaa.

Kama kinachokuvutia ni jina kwenye chupa, anza kwa kufungashiwa na kiwanda chenye nafasi. Utajua ndani ya mwaka mmoja kama una uwezo wa kuuza, bila kumiliki hata skrubu moja.

Zikikaa pamoja

| | Kizimba | Boza | Madumu | Chupa |
|---|---|---|---|---|
| Gharama inayouma | kisima, mwanzoni | dizeli na gereji, kila siku | vyombo na tando | plastiki na mikopo ya maduka |
| Fedha inarudi | siku hiyohiyo | siku hiyo, au mwezi kwa taasisi | siku hiyo | wiki 2 hadi 4 |
| Kinachoua mapema | chumvi, kaya chache | safari chache | uchafu wa madumu | mzunguko wa fedha |
| Bomba la mamlaka likifika | hupoteza sehemu kubwa | hubaki na dharura | hunufaika | soko halibadiliki |

Mstari wa mwisho ndio uliobeba uzito. Mgao wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu uliposhuka, ulifanya maboza yatafutwe mji mzima, lakini hesabu za miezi hiyo zinaweza kumdanganya anayenunua lori. Mwezi Novemba mwaka huohuo visima vya serikali vya Kigamboni vilianza kuingiza maji kwenye mtandao, na ujenzi wa Bwawa la Kidunda, lililokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190 ili Ruvu isikauke kiangazi, ukafuata. Anayewekeza leo kwenye boza au kizimba ajipe miaka mitatu hadi minne ya kurudisha fedha, siyo kumi. Nenda ofisi ya DAWASA ya eneo lako, uliza ukubwa wa bomba lililopangwa na mwaka wa bajeti yake. Bomba la inchi nane lililokwisha kulazwa barabara ya jirani ni jibu tosha.

Kwa mwenye kiwanja chenye maji baridi, kaya zaidi ya 150 za jirani, na bomba la mamlaka likiwa mbali: kisima na kizimba, kikijengwa tangu mwanzo na nafasi ya chumba cha madumu pembeni. Mwenye maji chumvi, au aliye kwenye mtaa wenye bomba la mgao: kituo cha madumu. Boza liongezwe juu ya kisima kinachotoa ziada, au liachwe. Kiwanda kimfae aliyekwisha kuwa na magari na wateja wa bidhaa nyingine, vinywaji au unga, ambaye maji yatapanda kwenye gari linalokwenda dukani vyovyote vile.

Msomaji wa Kenya atabadilisha majina ya ofisi: WRA kwa kibali cha maji, WASREB na kampuni ya maji ya kaunti kwa kuuzia watu, KEBS kwa ubora, na stempu za ushuru za KRA kwenye chupa tangu Novemba 2019. Hesabu za pampu, dizeli na tando hazibadiliki Mombasa wala Kisumu.

Ukichimba kwenye kiwanja cha kupanga au cha familia, mkataba utaje kisima chenyewe: nani anamiliki bomba la kisima na pampu, njia ya gari la kung'olea pampu iwe na upana wa mita nne, kibali cha bonde kiwe kwa jina la nani, na mwenye kiwanja akiuza, mnunuzi mpya anarithi mkataba kwa miaka mingapi. Mwenye ardhi, wanandoa na warithi watie saini mbele ya wakili kabla mtambo wa kuchimba haujaingia, kwa sababu maji yakishatoka bei ya kiwanja hicho hubadilika siku ileile.